Space Invaders: mchezo wa sarafu ulivyochezwa, na kwa nini uliwatia hofu wazazi na wabunge

Mwaka 1978, mikahawa ya Japani ilianza kuweka meza za aina mpya. Juu ya meza palikuwa na kioo, na chini ya kioo palikuwa na runinga iliyolazwa chali. Mteja alikaa, akaagiza kahawa, akaingiza sarafu ya yeni 100 kwenye tundu la pembeni, na safu za viumbe wa ajabu zikaanza kushuka kuelekea kwake. Kazi yake ilikuwa kuwapiga risasi kabla hawajafika chini. Kahawa ilikuwa ikipoa hapo hapo pembeni.

Mchezo huo uliitwa Space Invaders, yaani wavamizi kutoka anga za juu. Haukuwa wa kwanza wa kielektroniki kuchezwa kwa sarafu, lakini ndio uliotoka kwenye kumbi za michezo ukaingia mikahawani, ukafika hata kwenye mijadala ya bunge.

Katika makala haya tunaeleza jinsi ulivyochezwa, nani aliutengeneza, na ubishi uliozuka. Tumeuchagua kwa sababu michezo mingi ambayo watoto wetu wanaicheza kwenye simu leo bado inatumia mbinu zake. Ukiielewa mashine hii ya zamani, utaelewa pia kwa nini mtoto anasema "mara moja tu ya mwisho" kisha anacheza mara kumi.

Kwa ufupi

- Ulitolewa Japani mwaka 1978 na kampuni ya Taito. Marekani ulisambazwa na kampuni ya Midway.
- Aliyeubuni ni mhandisi Tomohiro Nishikado.
- Mchezaji ana mzinga mmoja. Wavamizi ni 55.
- Mchezaji huanza na maisha matatu kwa kila sarafu.
- Mchezo haulipi fedha. Mshindi anapata alama tu, na sifa.

Unavyochezwa

Chini ya kioo kuna mzinga wako. Unaenda kushoto na kulia tu. Haupandi wala haushuki. Una vitufe viwili vya kuusogeza, au kijiti kidogo kwenye baadhi ya mashine, na kitufe kimoja cha kufyatua. Hakuna kingine cha kujifunza, na mtu ambaye hajawahi kuiona mashine ya namna hii angeielewa ndani ya nusu dakika.

Juu ya kioo wanasimama wavamizi, safu tano za wavamizi 11 kila moja. Wote husogea pamoja kama kikosi. Wanakwenda upande mmoja mpaka mmoja wao agonge ukingo wa kioo. Hapo wote hushuka hatua moja na kugeuka kwenda upande wa pili. Wanaendelea hivyo, kushoto na kulia, huku kila wakigeuka wanakukaribia.

Wao pia wanapiga. Risasi zao huanguka kutoka juu, na zisizozidi tatu zinaweza kuwa angani kwa wakati mmoja. Wewe una moja tu. Ukishafyatua, huwezi kufyatua tena mpaka risasi yako igonge kitu au itokomee juu ya kioo. Ukikosa shabaha, unasimama mikono mitupu ukisubiri risasi imalize safari yake. Kwa hiyo mtu anayefyatua ovyo huadhibiwa na mchezo wenyewe.

Kati yako na wavamizi kuna ngao nne za kujificha. Lakini ngao hizo huliwa kidogo kidogo. Risasi ya adui ikiipiga, inamegeka. Risasi yako ukiifyatua ukiwa chini yake, inamegeka pia. Wavamizi wakishuka mpaka kwenye ngao, wanaifuta kabisa kwa kupita juu yake. Mafichoni kwako hapadumu.

Mzinga wako ukipigwa, unapoteza maisha moja kati ya matatu. Ila kuna sheria moja kali: mvamizi mmoja tu akifika chini kabisa, mchezo umekwisha hapo hapo, hata kama ulikuwa na maisha mengine mkononi. Ukiwamaliza wote 55, kikosi kingine kinatokea, na kinaanza karibu zaidi na wewe. Mchezo hauna hatua ya mwisho ya kushinda. Unacheza mpaka ushindwe.

Hesabu ya alama

Wavamizi wa safu mbili za chini wana alama 10 kila mmoja. Wa safu mbili za katikati wana alama 20. Wa safu ya juu kabisa, walio wadogo na wagumu kulenga, wana alama 30. Ukijumlisha, kikosi kizima kina alama 990.

Juu yao, kila baada ya sekunde 25 hivi, hupita chombo kimoja cha anga kwa kasi kikipiga mlio wake. Ukikipata, unaongezewa alama kati ya 50 na 300. Chombo hiki ndicho kinachowatia watu tamaa. Mchezaji anaacha kazi ya kuzuia kikosi, anakimbilia alama 300, na mara nyingi huko ndiko anakopigwa.

Mashine iliweza kupangwa na mwenyewe kumwongezea mchezaji maisha ya ziada akifika alama 1,000 au 1,500. Tazama hesabu hiyo: kikosi cha kwanza chote kina 990. Ukikimaliza bila kukigusa kile chombo kinachopita, unabaki na upungufu wa alama 10 kufikia 1,000. Umekaribia mno kuacha.

Juu ya kioo palikuwa na alama ya juu kuliko zote zilizopatikana tangu mashine iwashwe. Ilibaki pale kila aliyepita aione, mpaka umeme ukizimwa. Hivyo ulikuwa unashindana na wavamizi, na pia na mtu aliyekaa kwenye kiti hicho saa moja kabla yako.

Kwa nini wavamizi huongeza kasi

Kila aliyewahi kuucheza mchezo huu anakumbuka jambo hili. Mwanzoni kikosi kinajikokota. Kadiri unavyowapunguza, waliobaki wanaongeza mwendo. Anapobaki mmoja, anakimbia kama aliyemwagiwa maji ya moto.

Chanzo cha jambo hili ni uchache wa nguvu za kompyuta ya wakati huo. Ubongo wa mashine ulikuwa kipande cha Intel 8080, ambacho ukilinganisha na kilichomo ndani ya simu ya bei nafuu ya leo, ni kama baiskeli mbele ya treni. Hakikuweza kuwasogeza wavamizi wote 55 kwa mkupuo. Kilimsogeza mmoja, kisha wa pili, kisha wa tatu, mpaka zamu iishe.

Mfikirie mama mwenye upawa mmoja anayegawa uji kwa watoto 55. Upawa hauongezi kasi hata kidogo. Lakini watoto wakiwa 55, kila mmoja anangoja muda mrefu kufikiwa tena. Wakibaki kumi, zamu inarudi haraka. Akibaki mmoja, upawa wote ni wake.

Picha kwenye kioo cha mashine hii hubadilishwa mara 60 kwa sekunde, na kila mara mvamizi mmoja husogezwa. Wakiwa 55, kikosi kinachukua karibu sekunde nzima kupiga hatua moja. Wakibaki kumi, hatua hiyo inachukua moja ya sita ya sekunde. Akibaki mmoja, husogea kila picha inapobadilika.

Nishikado alipoliona jambo hilo angeweza kulirekebisha. Akaamua kuliacha, kwa kuwa liliufanya mchezo uwe mgumu pale pale mchezaji anapodhani amemaliza kazi. Wabunifu wa michezo wamelifuata wazo hilo tangu wakati huo: mwanzo uwe rahisi, kisha ugumu upande taratibu bila mchezaji kuambiwa.

Sauti inayopiga kama moyo

Sisi watu wa redio hatuwezi kupita bila kuitaja sauti. Mchezo ulikuwa na noti nne nzito zinazoshuka, zikirudiwa bila kukoma. Wavamizi wakienda polepole, noti zinatembea. Wakiongeza kasi, nazo zinakimbia. Ni kama ngoma ambayo mpigaji anaiharakisha huku ukicheza, na miguu yako haina budi kumfuata.

Muziki kupigwa mfululizo huku ukibadilika kulingana na yanayotokea mchezoni lilikuwa jambo geni wakati huo. Mtu angeweza kusimama kando ya mashine amefumba macho, na bado akajua mchezaji amefikia hali gani.

Aliyeutengeneza

Taito ilianzishwa mwaka 1953 jijini Tokyo na mfanyabiashara Michael Kogan. Nishikado alikuwa mhandisi wake, na kabla ya hapo alikuwa ametengeneza mchezo wa kupigana bastola ulioitwa Western Gun mwaka 1975. Midway ya Marekani iliuuza mchezo huo kwao baada ya kuutia kompyuta ndogo ndani yake. Nishikado aliona matokeo yake, akaamua kazi yake inayofuata iwe na kompyuta pia.

Wakati huo mchezo wa Breakout wa kampuni ya Atari, wa kuvunja ukuta wa matofali kwa mpira, ulikuwa umependwa sana. Nishikado alitaka kitu kama hicho, ila alitaka shabaha isikae kimya. Ilipaswa kumrudishia mchezaji mapigo. Alifanya kazi kwa karibu mwaka mmoja, akatengeneza mwenyewe mashine, programu, na hata vifaa vya kutengenezea programu hiyo, kwa kuwa havikuwapo dukani.

Alijaribu vifaru na ndege za vita kama shabaha, lakini mwendo wake haukuvutia kwenye kioo. Umbo la binadamu lilikuwa rahisi zaidi kulifanya litembee, lakini kampuni haikutaka mchezo wa kuwapiga watu risasi. Ndipo akageukia viumbe wa anga za juu. Alivutiwa na kitabu cha H. G. Wells kuhusu wavamizi kutoka sayari ya Mirihi, ambao wameelezwa kuwa na umbo la pweza. Msikilizaji wa pwani akiwatazama wavamizi wa Nishikado atawatambua mara moja: chini ni pweza, katikati ni kaa, juu ni ngisi.

Rangi nazo zilikuwa za ujanja. Kioo kilikuwa cha rangi nyeusi na nyeupe, hivyo karatasi za plastiki za rangi zilibandikwa juu yake. Mvamizi aliyeshuka kutoka ukanda mmoja kwenda mwingine alibadilika rangi bila kompyuta kujua lolote. Kwenye mashine za kusimama za Midway, picha ilirushwa kwa kioo cha kujitazamia, ikaonekana ikielea mbele ya mchoro wa mwezi.

Mbinu za wachezaji

Wachezaji waligundua siri ambazo mashine haikuzitangaza. Ya kwanza inahusu kile chombo cha alama 50 hadi 300. Wengi walidhani alama zake ni bahati tu. Sivyo. Mashine ilikuwa inahesabu risasi zako. Ukikipiga kwa risasi yako ya 23, unapata 300. Baada ya hapo, kila risasi ya 15 inayokipata inatoa 300. Mchezaji mwenye subira alihesabu kimya kimya, akafyatua risasi 22, kisha akakingojea chombo kipite.

Ya pili inaitwa shambulio la Nagoya, kwa jina la mji wa Japani. Mchezaji anawaacha wavamizi washuke mpaka mstari wa mwisho, juu kidogo tu ya mzinga wake. Wakiwa hapo, risasi zao haziwezi kumdhuru, kwa sababu zinaanzia karibu mno. Basi anawamaliza mmoja mmoja. Lakini ni kucheza ukingoni mwa kisima: wakishuka hatua moja zaidi, kila kitu kimekwisha.

Ya tatu ni ya kawaida: kata nguzo za pembeni kwanza. Kikosi kikiwa chembamba kinachukua muda mrefu kufika ukingoni, na kwa hiyo kinachelewa kushuka.

Je, ilikuwa kamari?

Swali hili ni la maana kwetu, kwa sababu katika vituo vingi vya biashara vijijini kuna mashine nyingine za kuingiza sarafu, zile ambazo Tanzania wengi huziita bonanza au dubwi. Kwa mbali zinafanana: tundu la sarafu, taa, kelele, vijana wamezunguka. Lakini kazi zake ni tofauti.

Mashine ya bonanza inapokea fedha na kuahidi fedha. Matokeo yake hayategemei ustadi wako. Aliyekaa mbele yake miaka mitano hana nafasi nzuri kuliko aliyefika leo, na imepangwa ili mwenye mashine abaki na faida.

Space Invaders ilipokea fedha na kutoa muda wa kucheza, basi. Haikurudisha hata senti moja. Na ustadi ulikuwa na faida: anayeanza alimaliza maisha yake matatu ndani ya dakika chache, wakati bingwa alikaa muda mrefu kwa sarafu ile ile. Kwa sheria za nchi nyingi, hapo ndipo penye mpaka kati ya mchezo wa ustadi na mchezo wa kubahatisha.

Hata hivyo, mfuko wa mtoto haujui sheria. Sarafu ikiingia haitoki, iwe kwenye mashine hii au ile. Na tumeona jinsi alama 990, chombo kinachopita na kasi inayopanda vilivyomfanya mtu atake kujaribu tena. Hilo ndilo lililowatia wazazi hofu.

Bungeni na kwenye amri za serikali

Nchini Uingereza, mbunge George Foulkes wa chama cha Labour aliwasilisha bungeni mwaka 1981 muswada wa kudhibiti Space Invaders na michezo mingine ya kielektroniki. Hoja yake ilikuwa kwamba vijana wanatoroka shule na wengine wanaiba ili wapate fedha za mashine, na kwamba mamlaka za mitaa zipewe uwezo wa kuamua mashine ziwekwe wapi. Waliompinga, akiwamo mbunge Michael Brown wa chama cha Conservative ambaye alikiri kuupenda mchezo huo, walisema ni burudani isiyo na madhara. Kura zilipopigwa tarehe 20 Mei, waliounga mkono walikuwa 94 na waliopinga 114. Muswada ulianguka kwa tofauti ya kura 20 tu.

Mwaka huo huo, Ufilipino haikungoja kura. Rais Ferdinand Marcos alipiga marufuku michezo ya video nchini kote mwezi Novemba, na wenye mashine wakapewa wiki mbili waziharibu au wazisalimishe.

Ukisikiliza hoja za pande zote mbili leo, utadhani ni mkutano wa kijiji kuhusu simu za watoto. Upande mmoja unasema vijana wanapotea. Upande mwingine unasema kila kizazi kina mchezo wake. Na kila upande una mfano wa mtoto anayemjua.

Hadithi ya sarafu kuisha

Huenda utasikia kwamba Space Invaders ilimaliza sarafu za yeni 100 Japani, hata serikali ikalazimika kutengeneza nyingine kwa haraka. Ni hadithi tamu na imeandikwa mara nyingi, lakini takwimu haziiungi mkono. Sarafu za yeni 100 zilizotengenezwa mwaka 1978 na 1979 zilikuwa chache kuliko za miaka iliyotangulia. Isitoshe, sarafu iliyoingia kwenye mashine haikupotea. Mwenye mashine aliifungua, akaipeleka benki, nayo ikarudi mitaani.

Ambalo ni kweli ni kwamba mashine zilienea kwa maelfu, na kwamba kumbi ziliibuka Japani zikiwa na mchezo huu mmoja tu. Mwaka 1980 kampuni ya Atari ilitoa toleo la kuchezea nyumbani kwenye runinga, na watu wengi walinunua mashine ya Atari kwa ajili ya mchezo huo. Mwaka 2013 jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York, MoMA, liliuweka kwenye hazina yake.

Ulichobakiza kwenye simu yako

Chukua mchezo wowote wa bure kwenye simu ya mtoto wako na uutazame kwa dakika tano. Mwanzo ni rahisi. Ugumu unapanda. Kuna maisha ya kuhesabika, alama ya juu ya kuvunja, na zawadi inayopita mara moja moja. Hayo yote yalikuwa kwenye meza ya mkahawa mwaka 1978.

Kilichobadilika ni tundu la sarafu. Zamani ulilazimika kuinuka, kutafuta sarafu, kuinama na kuiingiza. Kila mchezo ulikuwa na bei unayoishika mkononi, na sarafu zikiisha ulikwenda nyumbani. Siku hizi malipo yamefichwa: ni bando linaloliwa na matangazo, au kitufe cha kununua maisha zaidi kwa salio au fedha za simu.

Kwa hiyo, kabla ya kumpa mtoto simu, tunashauri mambo matatu. Angalieni pamoja kama mchezo unaweza kuchezwa bila intaneti. Namba ya siri ya fedha zako za simu usimpe. Na mkubaliane mapema atacheza raundi ngapi, kama vile zamani mzazi alivyompa mtoto sarafu mbili akamwambia hizo ndizo za leo.